Saa sita garini kwa ajili ya maporomoko: niende au nibaki?

SWALI: Habari za kazi. Ofisini kwetu imeandaliwa safari ya siku moja kwenda kuona maporomoko ya maji. Tangazo linasema ni saa tatu kwa gari kwenda na tatu kurudi, kisha kilomita 6 kwa miguu hadi kwenye maji na 6 nyingine kurudi, njia ikipanda mita 450. Limeandika kwamba matembezi ni "mepesi, saa moja na nusu tu". Maporomoko yenyewe yana urefu wa mita 80, na picha zake zinavutia mno. Ningependa kwenda na mwanangu wa kiume, ana miaka tisa. Mimi natembea kila siku lakini si mtu wa kupanda milima. Siku ya mapumziko ninayo moja tu kwa juma. Je, inafaa kuitoa kwa safari hii, au nitarudi nimechoka na kujuta? – Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Dada, nashukuru kwa swali lenye tarakimu. Wengi huniuliza tu "pale pazuri?", na jibu huwa ndiyo, maana katika miaka yote ya kuongoza matembezi sijaona bado maporomoko mabaya. Wewe umenipa kilomita, mwinuko, saa za garini na umri wa mtoto, kwa hiyo tunaweza kupiga hesabu. Umeacha kitu kimoja, na kwa bahati mbaya ndicho kikubwa kuliko vyote: hukuniambia safari ni lini.

Ukuta wa mwamba uko pale pale mwaka mzima, lakini kinachoteremka juu yake kinategemea mvua imenyesha lini, kiasi gani, na umbali gani kutoka hapo. Chukua Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, kati ya Zambia na Zimbabwe, kwa kuwa wengi wanayafahamu. Upana wake ni mita 1,708 na kimo mita 108. Mvua za huko juu kwenye mto Zambezi huanza kama Novemba na kupungua kama Machi, lakini maji hufika kwa wingi wake wote yapata Aprili, kwa sababu yana safari ndefu na njiani hutandaa kwenye nyanda za mafuriko kabla ya kuendelea. Anayefika wakati huo hulowa chapachapa akiwa amesimama tu sehemu ya kutazamia, na pengine haoni kitu ila wingu jeupe na ngurumo. Anayefika Oktoba au Novemba upande wa Zambia hukuta sehemu kubwa ya ukuta ni mwamba mkavu. Wote wawili watasimulia kwamba wameyaona, na hakuna atakayekuwa amedanganya.

Au Yosemite, kule California. Mita 739, miongoni mwa maporomoko marefu kabisa Marekani. Maji yake ni theluji inayoyeyuka. Mwezi Mei yananguruma; ikifika Agosti mara nyingi yamebaki utepe au yamekauka kabisa, na kila mwaka wapo watu wanaosafiri kutoka bara jingine kuja kutazama ukuta usio na maji. Hakuna aliyewaficha, ni kwamba hawakuuliza.

Kwa hiyo kabla ya viatu, kabla ya mtoto, kabla ya chochote, mwulize mwandaaji: mto huu unapata maji yake wapi? Jibu litakueleza mengi. Maporomoko mengi yanayofikiwa kwa safari ya siku moja yako kwenye vijito vifupi vya milimani. Vijito hivi vina pupa. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi vimejaa. Jua likiwaka siku mbili tatu mfululizo, vimerudi kuwa uzi. Kwa aina hii, kujua kwamba ni msimu wa mvua kunakupa dokezo tu, kwani kinachoamua ni mvua za juma lile lile. Kijito kinachotoka kwenye chemchemi kubwa kina tabia tofauti kabisa: maji yake hukaa ardhini muda mrefu kabla ya kutoka, hivyo hubadilika kidogo sana, na hapo unaweza kupanga safari miezi kabla bila wasiwasi. Kijito cha barafu ya mlimani hufuata jua. Maji hupanda kuanzia mchana hadi jioni na kushuka usiku, kwa hiyo mahali ulipovuka asubuhi kwa kurukia mawe panaweza kukufika magotini wakati wa kurudi.

Halafu kuna maporomoko ambayo watu wameshika ufunguo wake. Niagara ndiyo maarufu zaidi kwa hili. Mkataba wa mwaka 1950 kati ya Marekani na Kanada unataka mita za ujazo zisizopungua 2,832 kwa sekunde zipite kwenye maporomoko mchana wa msimu wa watalii, na nusu ya hizo nyakati nyingine. Yanayobaki yanaweza kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Jog nchini India, mita 253, yana bwawa la umeme huko juu, na nje ya majira ya mvua mgeni hukuta nyuzi nyembamba zikining'inia kwenye jabali kubwa. Na mwaka 2024 mpanda milima mmoja nchini China alifika juu ya maporomoko ya Yuntai, yenye mita 314, akapiga video ya bomba lililokuwa likimwaga maji kutoka kwenye mwamba. Wasimamizi walikiri kwamba huongeza maji wakati wa kiangazi ili wageni wasiondoke mikono mitupu. Watu walikasirika. Mimi nilicheka, kisha nikafikiri kwamba angalau hao waliona aibu ya kumleta mgeni kwenye ukuta mkavu. Waandaaji wengi wa safari hawana aibu hiyo.

Sasa hizo picha zinazokuvutia. Picha ya tangazo imechaguliwa kati ya nyingi, na ilipigwa siku ambayo maji yalikuwa bora. Zaidi ya hapo, yale maji yanayoonekana kama hariri nyeupe hupatikana kwa kuacha kamera wazi sekunde nzima au zaidi, na ufundi huo hufanya hata kijito chembamba kionekane kinene. Tafuta picha za watu wa kawaida, zile zilizopigwa kwa simu huku wakikodolea macho jua, na uangalie tarehe. Picha za wiki mbili zilizopita zitakuambia ukweli. Zikikosekana, tafuta za mwezi huu huu mwaka jana na juzi. Usipopata kabisa, mwombe mwandaaji akutumie moja ya hivi karibuni. Mwenye kikundi kilichokwenda wiki iliyopita hatakosa picha.

Kuhusu mita 80: nisingezitilia maanani sana. Urefu wa maporomoko hupimwa kwa namna mbalimbali, na watangazaji huchagua ile inayotoa namba kubwa. Hata yale maarufu yana hadithi yake. Angel nchini Venezuela yana mita 979 kwa jumla, lakini anguko moja lisilokatika ni mita 807, nyingine ni mteremko wa kawaida wa mto juu ya mawe. Zile 739 za Yosemite ni jumla ya vipande vitatu, na cha katikati ni msururu wa maporomoko madogo ambayo kutoka chini huyaoni vizuri. Mita 80 za kwenu zinaweza kuwa anguko moja la kusimamisha pumzi, au ngazi nne za mita 20 ambazo kutoka mahali pa kusimama unaiona moja tu. Uliza: "Nikisimama mwisho wa njia, naona anguko la mita ngapi?"

Mwisho wa njia. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanajutia jambo hili kuliko urefu au wingi wa maji. Njia ya maporomoko inaweza kuishia chini, penye bwawa; inaweza kuishia juu, mto unapoanza kuanguka; au inaweza kuishia kwenye ukingo wa upande wa pili wa korongo, ukayatazama kwa mbali. Ni mambo matatu tofauti kabisa. Chini ndiko kwenye ule upepo wa baridi unaosukumwa na maji, manyunyu usoni, mtetemo unaousikia kifuani. Ukingoni unapata mandhari nzima lakini hugusi kitu. Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huanguka zaidi ya mita 200, na wageni wengi huyatazama kutoka juu, ukingoni mwa korongo. Hayo yana fahari yake, ila mtu aliyefungasha nguo za kuogelea atarudi amenuna. Juu kabisa, pale maji yanapoanza kuanguka, kwa maoni yangu ndiko kubaya kuliko kote: unaona mgongo wa mto ukitoweka, huoni maporomoko, na umesimama mahali pa hatari. Maporomoko madogo ya mita 15 ambayo unaweza kukaa kando yake na mtoto akachezea maji yanapita ya mita 150 unayoyaona kupitia matawi ya miti ng'ambo ya bonde. Najua wapo watakaonibishia.

Tuje kwenye saa. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo watembeaji bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, na juu yake saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yenu, kilomita 6 ni saa moja na dakika 12. Mita 450 ni dakika 45. Jumla ni saa mbili kasoro dakika tatu. Na hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu, kwenye njia nzuri, asiyesimama kupumzika wala kupiga picha. Kwa hiyo ile "saa moja na nusu" ya tangazo imeandikwa ama na mkimbiaji ama na mtu ambaye hajawahi kufika. Kikundi cha ofisi hutembea kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Weka saa mbili na nusu za kwenda. Na usidhani kushuka ni nusu ya kupanda: kwenye tope na mizizi watu hushuka kwa uoga, magoti yanauma, foleni inajikusanya kwenye kila jiwe. Weka saa mbili za kurudi.

Mkiondoka saa 12 alfajiri, mtafika saa 3 asubuhi. Toa nusu saa ya kushuka garini, kwenda msalani, kufunga kamba za viatu na kumsubiri yule mmoja ambaye hukosekana daima. Mtaanza kutembea saa 3:30 na kufika kwenye maji saa 6 mchana. Mkae saa moja na robo, mwondoke saa 7:15, mfike chini saa 9:15, gari liondoke saa 9:30, na mwingie nyumbani saa 12:30 jioni. Ni siku ndefu lakini ina nafasi ya kupumua. Sasa sogeza saa ya kuondoka hadi saa 2 asubuhi, kama ilivyo kawaida ya safari za ofisi. Mtafika kwenye maji saa 8 mchana na kurudi kwenye gari baada ya saa 11 jioni, na hapo sijaweka kuteguka mguu kwa mtu yeyote, wala tairi, wala mvua. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani. Hivyo jambo la pili ninalotaka ulijue kabla ya kukubali ni saa ya kuondoka, na iwe saa gari linapoanza kutembea, maana ile ya kukutana kituoni haina uzito. Waulize pia saa ya kugeuka ni ngapi: saa ambayo kikundi kitarudi nyuma hata kama hakijafika. Mwongozaji mzuri anayo na ataitaja papo hapo. Asiyekuwa nayo atajikuna kichwa.

Ukitazama hesabu hiyo, mtakaa garini saa sita na mtakuwa nje karibu saa sita. Kipimo changu ni kwamba saa za kukaa zisizidi mara mbili ya saa za kuwa nje. Zikizidi hapo mwili unakumbuka kiti kuliko mto, na mtoto ndiyo kabisa. Safari yenu inapita vizuri tu. Ingekuwa saa tatu za gari kwa matembezi ya dakika ishirini kutoka maegeshoni, ningekushauri ulale.

Ila kuna swali moja nalipenda kuliko hesabu zote: je, ungeipita njia hiyo kama mwisho wake hapangekuwa na maporomoko? Kilomita 12 ni nyingi kuzitoa kwa ajili ya saa moja ya kutazama maji. Kama njia inapita msituni, inavuka kijito mara kadhaa, ina ndege na mahali pa kuona bonde, basi hata maji yakiwa haba siku haijapotea. Kama ni barabara ya vumbi ya magari hadi mita 500 za mwisho, siku nzima imewekwa rehani kwenye maporomoko peke yake, na kama ni kiangazi, rehani hiyo ni mbaya. Njia ya kuzunguka, inayokurudisha kwa upande mwingine, ina faida hapo pia, ingawa maporomoko mengi hayana anasa hiyo.

Uliza kadhalika kama mwinuko wa mita 450 uko mwanzo au mwisho. Safari nyingi za milimani hupanda kwanza, zikakurudisha kwa mteremko. Maporomoko mara nyingi ni kinyume chake: gari linaegesha juu, unashuka korongoni ukiwa na nguvu na furaha, kisha mwinuko wote unakusubiri wakati miguu imelowa na tumbo limeshiba. Mita 450 asubuhi ni kazi ya kawaida. Mita hizo hizo saa 8 mchana, na jua, na mtoto anayedai kubebwa, ni habari nyingine. Haikatazi kwenda, lakini inageuza ratiba yote: saa mbili na nusu zinahamia kwenye kurudi, na chakula chako kikubwa hakifai kuliwa chini.

Mwanao wa miaka tisa. Kwa umri, anaweza. Watoto wa miaka hiyo waliozoea kucheza nje hutembea kilomita 12 kwa siku bila shida kubwa, mradi wasiburuzwe kwa mwendo wa watu wazima wanaozungumzia kazi. Wanachoka kwa kuchoshwa, kwa njia ndefu iliyonyooka, kabla ya kuchoka misuli. Maporomoko yana bahati hiyo kwamba mtoto ana kitu cha kukitarajia, na mngurumo huanza kusikika kabla ya kuonekana. Nimewaona watoto waliokuwa wamekaa chini wakigoma wakainuka na kukimbia waliposikia. Mjaribu wiki moja kabla: mtembee naye kilomita 7 au 8 mahali penye vilima. Akimaliza anaruka, yuko tayari. Akimaliza analia, umejua ukiwa karibu na nyumbani.

Wasiwasi wangu kwa mtoto uko kwenye maji yenyewe. Sheria ya kwanza haina mjadala: hakuna anayeingia mtoni juu ya maporomoko, hata kama maji ni ya kifundo cha mguu, hata kama wengine wanafanya hivyo kwa ajili ya picha. Mawe ya pale yana utando wa mwani usioonekana, mkondo unaongeza kasi unavyokaribia ukingo, na akiteleza hana muda wa kushika kitu. Chini, bwawa linalopokea maji linaonekana kama mahali pa kuogelea, na pengine ni hivyo pembezoni mwake. Usimruhusu kuogelea hadi pale maji yanapoangukia. Maji yanayopiga pale hujaa mapovu ya hewa, na mwili hauelei vizuri kwenye mapovu. Mkondo hushuka chini na kumzungusha mtu hapo hapo badala ya kumtoa. Mawe na magogo nayo huanguka pamoja na maji, bila kutoa taarifa. Maji ya milimani huwa baridi kuliko unavyotegemea, na baridi ya ghafla humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila hiari yake. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, unajua kinachoingia ni nini.

Kama mko katika nchi zenye kichocho, mabwawa yaliyotulia na pembezoni mwenye majani ndiyo makao ya konokono wanaokieneza. Maji yaendayo kasi yana hatari ndogo zaidi, na kujikausha haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Mkioga mahali penye shaka, mkapime wiki kadhaa baadaye hata kama hakuna anayeumwa. Maeneo mengine kuoga hakuruhusiwi kabisa. Plitvice, nchini Kroatia, wamepiga marufuku kuogelea ili kulinda miamba ya chokaa inayojijenga taratibu majini. Uliza mapema, kabla mtoto hajaahidiwa.

Mvua ndiyo inayonifanya nikatishe safari bila kubembelezwa. Kwa wale wanaotaka maji mengi hii inachekesha, kwa kuwa siku inayofuata mvua kubwa ndiyo siku yenye maporomoko mazuri kuliko zote, na ndiyo siku yenye njia mbaya kuliko zote. Ninachokipenda ni siku ya pili au ya tatu baada ya mvua: kijito bado kimeshiba, tope limeanza kushikana, na maji yamerudi kuwa meupe badala ya rangi ya kahawia. Kumbuka pia kwamba mvua inayokudhuru inaweza isiwe juu yako. Inanyesha huko milimani, nyinyi mko juani bwawani mkipiga picha, na maji yanakuja. Dalili ni chache lakini ni za wazi: maji yanabadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, mngurumo unapanda. Mojawapo ikitokea, mnaondoka kwenda juu, mbali na mto, papo hapo, na mabegi yabaki. Kabla ya safari uliza njia inavuka mto mara ngapi na kama kuna madaraja. Njia inayovuka mto mara nne bila daraja, wakati wa mvua, si ya mtoto wa miaka tisa.

Vitu vya kubeba nitavipitia haraka, kwa sababu vinajulikana. Viatu vyenye meno, ambavyo vimeshavaliwa. Soksi na nguo kavu za mtoto ndani ya mfuko wa plastiki, za kubadilisha akitoka kwenye maji, kwa kuwa manyunyu na upepo wa pale humtetemesha hata asipooga. Maji ya kunywa kutoka nyumbani. Ya mtoni yasinywewe bila kuchemshwa au kutibiwa, hata yakiwa meupe namna gani. Tochi, ndiyo, hata kwa safari ya mchana. Filimbi shingoni mwa mtoto, kwa sababu kando ya maporomoko sauti ya mtu haisikiki hata mita kumi.

Na umati. Ile picha ya mtu mmoja amesimama peke yake mbele ya maji, nyuma ya mpiga picha kuna foleni. Siku za mapumziko maporomoko yaliyo karibu na miji hujaa kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 hivi, na ratiba yenu inawafikisha katikati ya hapo. Kama unachotafuta ni utulivu, safari hii haitakupa. Ukitaka upinde wa mvua, hapo una bahati: jua likiwa mgongoni mwako na manyunyu mbele yako utauona, ila uliza maporomoko yanaelekea upande gani na jua hufika korongoni saa ngapi.

Basi, uende? Kwa tarakimu ulizonipa, ndiyo, uende na mwanao, kwa masharti haya. Gari liondoke saa 12 alfajiri, au saa 12 na nusu kwa kuchelewa kabisa. Pawepo waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ili anayeshindwa arudishwe bila kuwarudisha wote; kikundi cha ofisi chenye mwongozaji mmoja ni kikundi kitakachogawanyika. Njia iishie chini au ukingoni. Na uwe umeona picha ya mwezi huu.

Kama gari linaondoka saa 2, mwache mtoto au mbaki wote. Kama picha ya wiki iliyopita inaonyesha uzi wa maji na njia ni barabara ya vumbi, waambie wenzako mtakwenda mvua zikirudi. Kama maporomoko ni mazuri lakini saa hazitoshi, pendekeza kulala usiku mmoja karibu na pale na kuanza kutembea alfajiri, mkafika kabla ya umati. Na kama unaenda ili tu upate picha ile ya tangazo, usiende. Utakaa saa sita garini kulinganisha ulichokiona na kitu kilichotengenezwa kwa kamera.

Jioni ya kuamkia safari mpigie simu mwongozaji mwenyewe, aliye kule kule, umwulize kama mvua imenyesha leo na kama vivuko vinapitika. Akikujibu "mje tu, hakuna shida" bila kutaja mto hata mara moja, uliza tena.